Dar es Salaam hadi Sengerema na Mbwa Wawili: Ratiba Inayopangwa na Joto

Mwezi Julai, Mungu akitujalia, familia yangu itasafiri kwa gari kutoka Goba hapa Dar es Salaam hadi Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na mbwa wetu wawili, Jeki na Zuri, tutakwenda nao. Mama yangu ameomba tukae naye kwa muda mrefu kuliko likizo tulizozoea, na kijana aliyekuwa akibaki na mbwa hawa kila tulipoondoka amehamia Mtwara kikazi. Sikuona kuwa ni haki kuwaacha kwa mtu wasiyemjua kwa miezi kadhaa, hasa Zuri, ambaye umri umeanza kumwelemea. Nimekuwa nikiiandaa safari hii tangu kabla ya masika, na kwa kuwa marafiki wengi wameniuliza inawezekanaje kusafiri na mbwa zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya nchi yetu, naandika hapa yale niliyoyapanga na sababu zake.

Daktari wa mifugo anayewahudumia aliniambia mapema kwamba mtu anayesafiri na mbwa asianze kwa kuhesabu kilomita, aanze kwa kuhesabu saa za jua. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho zimo hasa kwenye nyayo, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema huku ulimi ukiwa nje, ili unyevu wa kinywani na wa njia ya hewa ukauke na kuondoka na joto. Njia hiyo huanza kushindwa hewa inapokuwa ya moto na yenye unyevunyevu mwingi, na hiyo ndiyo hewa ya Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi. Likivuka 41, mbwa yumo hatarini, na akicheleweshwa kupozwa anaweza kufa hata kama saa moja kabla alikuwa mzima kabisa. Jeki ana damu ya mbwa wa Kijerumani na manyoya mazito, kwa hiyo yeye ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Zuri ni mbwa wa kienyeji, mwembamba, mwenye manyoya mafupi, na joto hulivumilia vizuri zaidi, ingawa uzee nao unapunguza uvumilivu huo.

Gari lenyewe ni hatari ambayo watu wengi hawaifikirii. Likiegeshwa juani, hata siku ambayo binadamu haoni kuwa ni ya joto, hewa ya ndani huweza kupanda kwa nyuzi zipatazo 20 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kushusha vioo kidogo hakubadilishi mambo kwa kiasi cha kumwokoa mnyama. Ndiyo maana kanuni ya kwanza tuliyokubaliana nyumbani ni kwamba hakuna dakika ambayo mbwa watabaki peke yao ndani ya gari lililozimwa, iwe ni kwa kununua maji, kulipia mafuta au kwenda msalani. Mtu mzima mmoja atabaki nao, na kama kiyoyozi hakifanyi kazi atawashusha na kuwapeleka kivulini.

Mwezi wa safari nao umechaguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Julai ni kipupwe. Asubuhi za Dar es Salaam huwa na ubaridi kidogo, masika yamekwisha, na bara nzima ya kati ni kavu. Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 na Singida iko juu zaidi, takriban mita 1,500, na usiku wa Julai katika mikoa hiyo ni wa baridi kweli, kiasi kwamba mablanketi ya mbwa yamo katika orodha yangu pamoja na ya watoto.

Kuhusu njia, mdogo wangu alipendekeza kwa nia njema kabisa kwamba tupitie Arusha, tukatize Ngorongoro na Serengeti, kisha tutokee geti la Ndabaka na kushuka Mwanza, ili watoto wapate kuona wanyama. Nilimjibu kwamba kwa safari hii haiwezekani. Wanyama wa kufugwa nyumbani hawaruhusiwi kuingizwa katika hifadhi za taifa, na katazo hilo lina sababu nzito ambayo kila mwenye mbwa anapaswa kuijua. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa ambao sisi wenye mbwa tunauogopa kwa watoto wa mbwa, viliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa eneo hilo, na watafiti walivihusisha virusi hivyo na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi. Mbwa mwitu, ambao wamebaki wachache sana barani Afrika, wanaweza kuangamizwa na distempa na kichaa cha mbwa kundi zima kwa mara moja. Mimi nawapenda mbwa wangu kiasi cha kuwabeba nchi nzima, na kwa sababu hiyo hiyo sitaki nyayo zao zifike mahali ambapo zinaweza kupeleka maradhi. Watoto wataiona Serengeti siku nyingine, bila Jeki na Zuri.

Kwa hiyo tutafuata barabara ya katikati: Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Manyoni, Singida, Shelui, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, hadi Usagara, ambako badala ya kuendelea Mwanza mjini tutakata kwenda Kigongo. Barabara hii haipiti ndani ya hifadhi ya taifa hata moja, ni lami mwanzo hadi mwisho, na ina miji ya kutosha kiasi kwamba daktari wa mifugo au duka la dawa za mifugo haliwi mbali sana. Zamani sehemu ya mwisho ingetulazimu kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo, na foleni ya kivuko jua likiwa utosini ni jambo ambalo lingevuruga mpango wangu wote. Sasa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limefunguliwa tangu Juni 2025, na gari linavuka ghuba kwa dakika chache. Sijui kama wahandisi waliwafikiria mbwa, lakini kwa safari kama hii daraja hilo ni neema.

Dar es Salaam hadi Mwanza ni takriban kilomita 1,150, na mabasi huzimaliza kwa siku moja ndefu. Watu wengi wenye magari madogo nao hufanya hivyo hivyo, wakipokezana usukani. Mimi nimeigawa safari katika siku tatu. Siku ya kwanza tutalala Dodoma, kilomita zipatazo 450. Siku ya pili tutakwenda Singida tu, ambako si mbali, ili mbwa wapumzike mchana kutwa. Siku ya tatu tutamaliza sehemu iliyobaki. Wapo walionishauri kusafiri usiku kwa kuwa usiku hauna jua, na hoja hiyo niliipima kwa muda mrefu kabla ya kuikataa. Usiku barabarani kuna malori yaliyoharibika na kuachwa bila taa, kuna ng'ombe na punda, na kubwa zaidi, mbwa akipata shida saa nane za usiku kati ya Gairo na Kibaigwa huna mtu wa kumwendea. Alfajiri inatupa ubaridi wa usiku na msaada wa mchana.

Tutaondoka Goba saa kumi alfajiri, ili tupite Mbezi kabla mabasi ya mikoani hayajaanza kumwagika kutoka Kituo cha Magufuli. Kwa mwendo huo, tukizingatia vibao vya kilomita 50 kwa saa katika kila kijiji, matuta, rasta na mizani ya Vigwaza ambako malori hujazana, tunatarajia kuwa Morogoro jua likiwa ndiyo kwanza linapanda, Gairo kwenye saa nne, na Dodoma adhuhuri. Gairo nimeichagua kwa makusudi kuwa kituo cha pili kikubwa, kwa kuwa iko juu na upepo wake ni wa baridi. Ukishuka garini pale baada ya kutoka bonde la Dumila unauhisi usoni mara moja. Siku ya tatu kuna mteremko wa Sekenke kabla ya Shelui, wenye kona kali, na baada yake nyanda za Wembere ambazo zimetambarika na jua lake ni kali, kwa hiyo nataka tuwe tumezivuka kabla ya saa tano.

Sasa nije kwenye nyaraka na chanjo, jambo ambalo ningeomba msomaji asilipuuze hata kama mbwa wake hatoki nje ya geti. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini kwetu, na karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo huanzia kwenye kuumwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, tiba haipo. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji takriban siku 21 kabla hatujaweza kusema kwamba amekingwa. Mtu anayetaka kusafiri Julai asiende kuchanja wiki ya safari. Jeki na Zuri wamechanjwa kichaa pamoja na chanjo ya mchanganyiko inayokinga distempa, parvo, homa ya ini na leptospirosi, na kadi zao zenye stika za chanjo na muhuri wa daktari nimezitia katika bahasha ya plastiki pamoja na kadi ya gari na leseni.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inawapa madaktari wa mifugo wa serikali mamlaka ya kudhibiti uhamishaji wa wanyama, hasa pale eneo linapowekwa karantini. Kwa sababu hiyo nitakwenda ofisi ya mifugo ya manispaa siku chache kabla ya kuondoka, wawaone mbwa na kunipa kibali na cheti cha afya, na nitauliza kama kuna mkoa wowote njiani wenye zuio. Trafiki wengi hawataniuliza karatasi hiyo. Atakayeuliza ni afisa mmoja kwenye kizuizi cha mifugo, na siku hiyo nataka niwe nayo mkononi badala ya kujieleza kwa nusu saa huku mbwa wakihema.

Kupe wamenichukulia muda mwingi kuliko jambo lolote jingine. Kupe wa kahawia, yule anayeishi kwenye nyufa za ukuta wa banda na mikunjo ya turubai, hueneza erlikia na babesia, magonjwa ambayo madaktari wa Dar es Salaam huyaona mara kwa mara. Mbwa anaweza kuwa nayo akiwa anaonekana mzima, kisha uchovu wa safari ukamwangusha: homa, fizi kuwa nyeupe, damu kutoka puani, kukataa chakula. Daktari alishauri tuwapime damu kabla ya safari, na mwaka huu Zuri alikutwa na erlikia iliyojificha, akatibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki kadhaa hadi kipimo kikawa kizuri. Kila jioni baada ya chakula mwanangu wa kwanza hunishikia tochi nami nawapekua: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kwapa, na katikati ya vidole vya miguu, ambako kupe mdogo hujibana kwenye ngozi laini akafanana kabisa na kipele. Zuri amezoea kiasi kwamba ananyoosha mguu mwenyewe. Ukaguzi huo huo tutaufanya kila tutakapolala njiani, kabla mbwa hawajalala.

Gari letu ni Toyota Noah, na viti vya nyuma vimetolewa. Fundi wa kuchomelea wa Tangi Bovu ametutengenezea kizimba cha bomba za mraba, chenye ukuta wa kati unaowatenganisha mbwa wasilaliane wakati wa joto. Nilimsimamia kwa karibu katika mambo matatu: maungio yote yapigwe msasa hadi kiganja kikipita kisikwaruzike, kizimba kifungwe kwa bolti kwenye sakafu ya gari badala ya kutegemea uzito wake, na kiwe na mlango wa pili unaofunguka kwa ndani, kwa kuwa gari likigongwa nyuma mlango mkubwa unaweza kugoma. Mbwa mzito kama Jeki akiwa huru ndani ya gari, dereva akifunga breki ghafla, hurushwa mbele kwa nguvu inayoweza kumuua yeye na kumjeruhi mtoto aliyekaa mbele yake. Chini tumetandika ubao na juu yake zulia la mpira lisiloteleza. Vioo vya nyuma vimewekewa vyandarua vyeusi vya kivuli, na kiyoyozi kimejazwa gesi na kukaguliwa. Ikitokea kiyoyozi kikafa njiani, tutasimama katika mji wa karibu hadi jioni, na hilo tumelikubali tangu sasa ili lisije likawa mjadala siku hiyo.

Kuwazoesha kulianza pole pole. Mwanzoni walikaa kizimbani gari likiwa limezimwa, milango wazi, wakapewa chakula humo humo. Kisha injini ikawashwa bila gari kuondoka. Kisha mizunguko mifupi hadi Mbezi Beach, na baadaye Kibaha na Bagamoyo. Jeki alikubali mapema. Zuri alikuwa akipiga miayo, akilamba midomo na kudondosha mate, na hizo ni dalili za kichefuchefu ambazo mtu anaweza kuzidhania njaa au usingizi. Tuligundua kwamba akila jioni ya siku iliyotangulia na asipewe kitu asubuhi, zaidi ya maji kidogo kidogo, anasafiri vizuri. Hivyo ndivyo tutakavyofanya kwa wote wawili: mlo mkuu utakuwa jioni, baada ya kufika na kupumzika.

Chakula nitakibeba kutoka nyumbani chote. Wanakula ugali wa dona na dagaa, mara nyingine utumbo, na nimepanga kuongeza chakula kikavu cha mifuko hatua kwa hatua wiki mbili kabla, ili matumbo yasishtuke. Sitanunua pumba wala unga wa bei ya chini njiani. Mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota kuvu wenye sumukuvu, sumu iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo haraka sana kwenye ini. Maji nayo nitabeba katika madumu, kwa sababu maji ya baadhi ya maeneo ya Dodoma na Singida yana chumvichumvi na mbwa asiyeyazoea anaweza kukataa kunywa wakati ule ule anapoyahitaji zaidi.

Kila baada ya saa mbili au tatu tutasimama. Vituo vya mabasi, kama Chalinze, tutavipita bila kusimama, na sababu yangu ni mifupa. Mahali penye chipsi kuku na nyama choma, chini pamejaa mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo ikitafunwa hupasuka kwa ncha kali na kuchana koo au utumbo. Na pale pale kuna mbwa wa mtaani ambao hali yao ya chanjo haijulikani. Tutatafuta sheli zenye uwanja mpana au kivuli cha mwembe mbali kidogo na barabara, mbwa wakishushwa mmoja mmoja, wakiwa wamefungwa mkanda wa kifuani na kamba kabla mlango wa kizimba haujafunguliwa. Mbwa mpole kabisa akisikia honi ya basi mahali asipopajua anaweza kukimbia, na barabara ya Morogoro haisamehe. Kila mmoja amevaa ukosi wenye kibati kilichochongwa namba zetu mbili za simu. Mchana nitaweka kwanza kiganja changu juu ya lami. Nikishindwa kukiacha hapo kwa sekunde chache, nyayo zao hazitaweza pia.

Suala la mahali pa kulala lilinichukua jioni nyingi za kupiga simu, na naliandika kwa kirefu kwa sababu ndipo msafiri mwenye mbwa hukutana na watu, na watu hao wana haki zao. Katika pwani yetu na katika miji mingi ya njiani, Waislamu wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi wanahesabu mate ya mbwa kuwa ni najisi, na chombo kilicholambwa na mbwa kwao huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwenye gesti anayekataa mbwa chumbani hana chuki na mnyama. Analinda mashuka, ndoo na zulia ambalo mgeni wa kesho ataswalia. Wengine wana woga tu, na kwa nchi ambayo mbwa wengi hufugwa ili wawe wakali, woga huo una msingi. Kwa hiyo kila nilipopiga simu nilianza na mbwa kabla ya kuuliza bei. Wengi walikataa kwa upole, baadhi kwa ukali. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni pembezoni mwa mji wa Dodoma alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mbwa kuingia ndani hapana, hilo usiniombe. Lakini uani kuna banda la zamani la ng'ombe, lina paa na geti, kama utalifagia mwenyewe." Nikamwambia, "Shikamoo tena mama, nitalifagia nikifika na nitalifagia nikiondoka." Akacheka, akaniuliza wanakula nini.

Tumekubaliana kwamba vyombo vyote vya mbwa nitakuja navyo, hata ndoo na fagio, kinyesi nitakizoa na kukifukia, na mimi nitalala kwenye kiti nje ya banda kwa saa za mwanzo hadi watakapotulia, ili wasibweke na kuwanyima wageni wengine usingizi. Singida tumepata nafasi kwa rafiki wa familia mwenye kiwanja kilichozungushiwa ukuta, naye ameshafungia mbuzi wake upande wa pili. Kwa wale watakaosafiri bila kuwa na mtu njiani, ushauri wangu ni kutafuta nyumba zilizo nje ya katikati ya mji, zenye ua mpana, na kusema ukweli wote kwenye simu. Kumficha mbwa ndani ya gari hadi giza liingie ni kumwonea mwenye nyumba, na ni kuwafungia mlango wenye mbwa watakaokuja baada yako.

Mkoba wa huduma ya kwanza una bandeji, pamba, dawa ya kusafishia vidonda, kibano cha kutolea kupe, kipimajoto na dawa ya kichefuchefu aliyoandika daktari. Hauna Panadol wala diklofenaki. Najua wengi huwapa mbwa dawa za binadamu kwa huruma, lakini parasetamoli inaweza kuharibu ini la mbwa na diklofenaki hutoboa tumbo na kuumiza figo. Dawa za kulewesha nazo nimezikataa kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa baadhi yake hushusha shinikizo la damu na kumfanya mbwa ashindwe kujipoza. Namba za simu za madaktari wa mifugo wa miji tunayopita nimezikusanya moja moja na kuzipiga kuhakikisha zinapatikana. Morogoro tuna bahati zaidi, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha udaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama.

Wote garini, hata watoto, wamefundishwa kuzitambua dalili za joto kupita kiasi: kuhema kusikotulia hata baada ya kupumzika, mate mazito yanayonata, fizi nyekundu sana, kuyumba. Akionekana hivyo, gari linasimama papo hapo, mbwa anawekwa kivulini, anamwagiwa maji mwilini, hasa tumboni na mapajani, na kupepewa bila kukoma. Akishaanza kupoa ndipo anakimbizwa kwa daktari. Madumu mawili ya maji yamewekwa nyuma kwa kazi hiyo peke yake, na hakuna anayeruhusiwa kuyanywa wala kuyanawia. Na kama mbwa yeyote wa mtaani akimng'ata mtu wetu, jeraha litaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tutakwenda hospitali kwa chanjo hata kama ni mkwaruzo mdogo.

Huko Sengerema mjomba ameshamjulisha mwenyekiti wa kijiji kwamba tunakuja na mbwa waliochanjwa, na wiki ya kwanza watakaa ndani ya ua, wakitoka kwa kamba tu, hadi kuku wa mama na mbwa wa majirani wawazoee. Ziwani hawatashuka. Watoto wamesikitika, kwa maana Jeki anapenda sana maji na huku Dar es Salaam tumezoea kumpeleka baharini Kigamboni, lakini kingo za Ziwa Victoria zina mamba, na mbwa anayeogelea huku akipiga maji ndiye anayewaita. Ataogeshwa nyumbani kwa maji ya kisima.

Kurudi tutapitia barabara ile ile, kwa siku tatu zile zile, na yule mama wa Dodoma ameshaniambia banda litakuwepo. Joto la Dodoma huongezeka sana kuanzia Oktoba, kabla mvua hazijaanza kunyesha, kwa hiyo hata mama yangu akituomba tuongeze muda, tutakuwa tumeshafika Goba kabla Septemba haijaisha.